Trei mlangoni alfajiri: Hivi ndivyo doo ya melini inavyotafutwa

Hebu jiweke hapa. Ni saa kumi na moja na nusu alfajiri na uko ndani ya meli kubwa kuliko jengo lolote ulilowahi kufanyia kibarua. Mkononi una trei: birika la kahawa, vikombe viwili, mikate, jamu, matunda yaliyokatwa na glasi mbili za juisi zilizojaa hadi juu. Meli inayumba kidogo. Korido iliyo mbele yako haina mwisho, milango yote inafanana, zulia lote linafanana. Unakitafuta chumba ambacho jana usiku mwenyewe aliangika kadi kwenye kitasa akiandika kwamba anataka kiamsha kinywa mapema.

Unabisha. Unatabasamu kabla mlango haujafunguka, maana ukingoja ufunguke ndipo utabasamu, umechelewa.

Mzee mmoja Mmarekani anatoa kichwa, nywele zimesimama, macho bado yana usingizi. Anakuonyesha meza, unaweka trei, anasema asante. Baada ya hapo ni moja kati ya mambo mawili. Anaweza kuanza kupapasa mifuko ya suruali aliyoivua jana, atoke na noti ya dola. Au anaweza kufunga mlango.

Msomaji, kama una ndoto ya kwenda kufanya kazi kwenye meli za kitalii, na najua mko wengi, stori ya leo ni ya hizo sekunde chache pale mlangoni.

Nilivyouza kamera

Mimi mwenyewe sijawahi kupanda meli. Chombo cha majini ninachokijua ni feri ya Likoni. Lakini nilikaribia.

Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda. Nikabaki kwenye keja ya chumba kimoja Kayole, na blogu iliyokuwa inanilipia bando na mayai ya kuchemsha. Wakati huo beshte yangu wa sekondari, kijana wa Likoni, alikuwa ametangulia baharini. Siku moja akatuma picha: sare nyeupe, bahari ya samawati nyuma yake, meno yote nje. Mathe wangu akaiona. Hakusema mengi. Aliniambia tu, "Mwanangu, mwenzako naona Mungu amemfungulia njia." Wewe unajua maneno kama hayo yanavyokaa kifuani.

Nikatafuta ajenti mjini. Ofisi ya chumba kimoja, picha ya meli ukutani, dada mwenye laptopu na sauti tamu. Akaniambia nafasi ya huduma ya chumbani ipo, meli iko Miami, ila nilipe Sh30,000 za "kushikilia nafasi". Nikauza kamera niliyokuwa nikifanyia kazi ya blogu. Wiki tatu baadaye simu yake ikawa haipatikani, na nilipofika ofisini nikakuta wanauza wigi.

Nilipomwambia beshte yangu, alinitumia sauti kwenye WhatsApp. Kwanza alicheka. Kisha akasema, "Buda, mimi hakuna ajenti niliyemlipa hata shilingi ya kupewa kazi. Nililipia pasipoti, daktari na mafunzo, basi. Wewe ulilipia nini?"

Sikuwa na jibu. Ndipo nikaanza kusoma, na kila meli yake inapofunga bandarini akapata Wi-Fi, namuuliza maswali. Nayoandika hapa mengi nimeyatoa kwake.

Kazi yenyewe ikoje?

Meli hizi ni miji. Chukua Icon of the Seas, ya kampuni ya Royal Caribbean, iliyoanza kubeba watalii Januari 2024 kutoka Miami. Ina orofa 20 na vyumba vya wageni zaidi ya 2,800. Ikijaa kabisa inabeba wageni 7,600, na wafanyakazi ni kama 2,350. Hao wote wanakula, na kuna wale ambao hawataki kutoka kitandani kwenda kula.

Hapo ndipo unapoingia wewe wa huduma ya chumbani. Simu inapokelewa saa 24. Usiku ni pizza, baga na chipsi za waliotoka disko. Asubuhi ni zile kadi za mlangoni. Beshte yangu anasema saa mbili za asubuhi ndizo zinazoua mtu, kwa sababu kila mgeni ameandika muda wake na wote wameandika muda mmoja. Lifti za wafanyakazi zimejaa mashuka ya kufuliwa. Unapanda ngazi na trei. Ukifika umechelewa dakika kumi, kahawa imepoa na mgeni amekunja uso, na ukweli ni kwamba mgeni aliyekunja uso hatafuti suruali yake iko wapi.

Chini kabisa, mahali mgeni hafiki, kuna njia kuu ya wafanyakazi inayokata meli kutoka mbele hadi nyuma. Kwenye meli nyingi za Wamarekani wanaiita I-95, jina la barabara kuu ya huko kwao. Vyumba vyenu viko huko chini. Watu wawili, kitanda juu ya kitanda, hakuna dirisha. Beshte yangu analala juu. Wa chini ni Mfilipino ambaye amefanya kazi hiyo miaka mingi na anakoroma kwa utaratibu.

Kandarasi mara nyingi ni miezi sita hadi tisa, siku saba kwa wiki. Hakuna Jumapili. Ukirudi likizo, wengi hawalipwi. Ile miezi miwili unayomwona jamaa mtaani akinunulia watu soda, ajue au asijue, anakula akiba.

Sasa, bakshishi

Zamani mambo yalikuwa wazi. Usiku wa mwisho wa safari mgeni alikuwa anawekewa bahasha chumbani: moja ya anayesafisha chumba, moja ya mhudumu wa meza, moja ya msaidizi wake. Anatia noti, anakukabidhi, mnaagana.

Siku hizi kampuni kubwa za Marekani zinaweka bakshishi moja kwa moja kwenye bili, kila mtu, kila siku. Kiwango kimekuwa kikipanda. Kwa Royal Caribbean kilifika dola 18.50 kwa siku kwa mgeni wa chumba cha kawaida mwishoni mwa 2024. Piga hesabu: mtu na mkewe, siku saba, ni dola 259. Kwa Sh129 kwa dola, hiyo inazidi Sh33,000 kutoka chumba kimoja, wiki moja.

Najua macho yamekutoka. Tulia kwanza.

Hiyo doo haiendi kwa mtu mmoja. Inaingia kwenye kapu, kisha inagawiwa wa usafi wa vyumba, wa meza na wengine wa idara ya hoteli ambao mgeni hawaoni. Nani anapata ngapi, kila kampuni ina fomula yake. Anayebeba trei anaweza kupata kidogo sana kutoka kwa kapu hilo, au asipate. Wa kwake ni ule mkono wa mlangoni: dola mbili, dola tatu, siku njema tano.

Pia kuna dawati la huduma kwa wageni. Katika kampuni nyingi mgeni ana ruhusa ya kwenda hapo na kusema, "Niondoleeni hiyo bakshishi." Inaondolewa. Wengine huiondoa wakisema wanapenda kumpa mtu mkononi. Baadhi kweli wanampa. Na katika baadhi ya kampuni, mgeni aliyeondoa bakshishi ya kwenye bili akikupa noti mkononi, unatakiwa uipeleke kapuni. Siku ya mwisho, beshte yangu anasema, foleni ya hapo dawatini huwa ndefu kuliko ya aiskrimu.

Halafu kuna ada. Mwaka 2017 Royal Caribbean ilianza kutoza dola 7.95 kwa kila oda ya chakula cha chumbani, ukiondoa kiamsha kinywa chepesi ambacho kilibaki bure. Kampuni nyingine nazo zina ada zao. Sasa fikiria kichwa cha mgeni: amelipa bakshishi ya kila siku kwenye bili, amelipa ada ya kuletewa, kisha anakuona umesimama mlangoni. Anajiambia, huyu si ameshalipwa?

Beshte yangu alikuwa na mteja mmoja, mama mzee aliyesafiri peke yake baada ya kufiwa na mumewe. Alikuwa hapati usingizi. Kila usiku, saa tisa hivi, anaagiza chai na sandwichi, anampigisha beshte yangu stori dakika mbili za wajukuu. Siku kumi na mbili. Hakuwahi kutoa hata dola. Usiku wa mwisho akamshika mkono, akamwambia, "Nafurahi sana kwamba zile dola nane nilizokuwa nalipa kila usiku ni zako."

Jibu angetoa gani? Kazini kwao kuomba bakshishi, hata kwa kuzunguka, kunaweza kukurudisha nyumbani. Akamwambia asante mama, lala salama. Akashuka chini.

Ungedhani ni kisa kidogo tu. Lakini huyu jamaa amepanga pesa zake hivi: mshahara wa msingi ni chakula na kodi ya mamake Likoni. Bakshishi ni karo ya dadake. Kuna wiki aliniambia alibeba trei mia na kitu, akapata dola 41. Muhula huo dadake alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na wale wageni wakashuka Miami wamepumzika vizuri, hakuna hata mmoja aliyefanya kosa anayolijua.

Kwa nini mshahara wenyewe usitoshe?

Swali zuri. Meli inaweza kuwa inaondoka Florida, imejaa Wamarekani, inauza tikiti kwa dola, lakini bendera iliyo nyuma ni ya Bahamas, Panama au Malta. Sheria ya kazi inayofuatwa ndani ni ya nchi ya bendera pamoja na mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika 2013. Kima cha chini cha mshahara cha Marekani hakipandi kwenye meli hiyo.

Mkataba huo Kenya iliuridhia 2014, na una mambo ya maana ambayo kila kijana wa Kisauni, Lamu au Kayole anafaa kuyajua. Muda wa kazi usizidi saa 14 ndani ya saa 24, wala saa 72 ndani ya siku saba. Kama nchi ya bendera inapima mapumziko badala ya kazi, basi upate angalau saa 10 kwa siku na 77 kwa wiki. Kandarasi ikiisha, mwenye meli ndiye anayekulipia kurudi nyumbani. Na tangu Desemba 2024 mkataba unazungumzia hata intaneti ya wafanyakazi: iwepo inapowezekana, na bei yake, kama ipo, isiwe ya kuumiza.

Lakini mkataba hauzuii kampuni kutegemea mfuko wa mgeni. Wengine wameamua kuachana na mtindo huo. P&O Cruises ya Uingereza iliondoa bakshishi ya kila siku mwaka 2019, ikaiingiza kwenye bei ya tikiti. Meli kadhaa za matajiri hazina bakshishi kabisa, kila kitu kimo kwenye nauli. Kwa hivyo ukiambiwa haiwezekani, jua inawezekana. Ni uamuzi tu wa nani abebe hatari ya wiki mbaya: kampuni au wewe.

Mimi zamani nilidhani bakshishi ni heshima. Nikishukuru, nakupa kitu. Bado naamini hivyo kwa kiasi. Ila heshima ikishakuwa karo ya mtoto, inakuwa kitu kingine. Unajikuta unacheka utani ambao si wa kuchekesha.

Siku trei ilipokuwa kila kitu

Nikupe kisa kimoja ambacho hakihusu dola. Februari 2020, meli ya Diamond Princess ilizuiwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Korona. Abiria wakaambiwa wakae vyumbani, wasitoke. Sasa nani angewalisha? Wafanyakazi zaidi ya elfu moja wakaendelea na kazi: kupika, kubeba, kubisha mlango, kuweka chakula, kwenda mlango mwingine. Wao hawakuwa na nafasi ya kujifungia. Walilala wawili wawili na kula pamoja kule chini.

Wachunguzi walipoangalia wafanyakazi 20 wa kwanza kuthibitishwa kuambukizwa, 15 walikuwa wa idara ya chakula. Mwishowe watu 712 kwenye meli hiyo walipatikana na virusi.

Nilipokisoma kisa hicho nilikaa kimya kidogo. Ile kazi niliyokuwa nimeuzia kamera, watu huiita kazi ya kubeba chai.

Bado unataka kwenda?

Sikuambii usiende. Beshte yangu hajajuta. Amemjengea mamake chumba cha pili, ameona Barcelona, anaongea Kihispania cha kuombea chumvi. Nakuambia tu uende macho yako yakiwa wazi. Haya hapa, yaandike:

Moja, usimlipe mtu yeyote pesa ya kupewa kazi melini. Chini ya mkataba ule, gharama zako ni cheti cha daktari, kitabu cha baharia na pasipoti. Hata viza inafaa kulipwa na mwenye meli. Anayekuambia "shikilia nafasi", shikilia mfuko wako.

Mbili, kabla hujakaa kwenye kiti cha ajenti, uliza Mamlaka ya Usafiri wa Majini, KMA, kama ana leseni. Ni simu moja. Mimi sikuipiga, ikanigharimu kamera.

Tatu, mafunzo ya msingi ya usalama hayaepukiki: kuzima moto, kuokoa maisha majini, huduma ya kwanza. Bandari Maritime Academy pale Mombasa ni mojawapo ya mahali pa kuanzia kuuliza. Kumbuka, wewe mbeba trei ndiye utakayewaongoza wageni kwenye mashua za kuokolea ikiharibika.

Nne, kandarasi ikija, tafuta mstari mmoja: mshahara wa uhakika ni ngapi, bila bakshishi? Panga maisha yako na ya nyumbani kwa nambari hiyo. Bakshishi ikija, iwe juu. Beshte yangu anasema angejua hili mapema, dadake asingekosa wiki hata moja shuleni.

Tano, ongea na wa nyumbani kabla hujaondoka. Waambie ukweli kuhusu likizo isiyolipwa. Picha ya sare nyeupe itawadanganya usipowaambia.

Na kama wewe ni wa Mombasa, msimu wa kaskazi meli hizi zinapotia nanga pale Kilindini, wageni hukimbilia Fort Jesus na Tsavo. Angalia vizuri na wale wanaotoka nyuma yao bila kamera, wakitafuta Wi-Fi na duka la kadi za simu. Hao ndio wafanyakazi. Wana saa chache tu kabla ya kurudi zamu. Waelekeze vizuri na usiwauzie kadi kwa bei ya mtalii.

Mimi bado nipo Kayole. Cheti cha daktari ninacho, mafunzo nayawekea akiba polepole, na safari hii hakuna wigi.

Juzi usiku mvua ilikuwa inanyesha, nikaagiza chipsi kwa simu. Kijana wa boda akapanda hadi orofa ya nne, kofia inamwaga maji, akanipa mfuko kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeshalipa ada ya kuletewa. Nikasema asante, nikaanza kufunga mlango, na kichwani nikajisikia nikisema: huyu si ameshalipwa?

Nikamkumbuka yule mama mzee wa saa tisa usiku. Nikafungua tena, nikamwita kabla hajafika ngazi ya tatu, nikamwomba nambari yake ya M-Pesa. Nilituma Sh50, si pesa ya kujisifia. Lakini nilimuuliza pia swali ambalo hakuna mgeni aliyewahi kumuuliza beshte yangu: ile ada ninayolipa kwenye simu, wewe unapata ngapi?

Alicheka, akaangalia chini, akaniambia. Wewe pia siku moja muulize wako.